Kitwitwi wa Frogtown na akina Selous wawili

Huku Saint Paul theluji imeyeyuka na nina kisa.

Juzi nikisubiri basi hapa mtaani Frogtown (yaani Mji wa Vyura, ila vyura wenyewe sijawaona) nikamwona ndege kwenye kiwanja cha changarawe. Anakimbia hatua chache, anasimama ghafla, anadonoa, anakimbia tena. Nikasema, jamani, huyu si kitwitwi! Mikanda miwili myeusi kifuani ilikuwa migeni kwangu, lakini ulaji ule ni wa matopeni Kunduchi maji yakitoka. Wenyeji humwita killdeer, na kweli ni ukoo wa kitwitwi.

Siri iko kwenye macho na mdomo. Kitwitwi ana macho makubwa na mdomo mfupi. Huwinda kwa kuona, kwa hiyo lazima asimame atazame. Wengi wenye midomo mirefu hutembea wakichomachoma matope tu, maana ncha ya mdomo huhisi mdudu aliyejificha. Sululu, mwenye mdomo uliopinda kama sululu ya kuchimbia, huutumbukiza kwenye shimo la kaa akamtoa.

Karne ya 19 wataalamu hawakuhangaika hivyo. Ukitaka kumjua ndege, unampiga risasi kisha unamchunguza mkononi. Mwingereza mmoja, Edmund Selous, naye aliwahi kuwapiga, halafu akachukia kabisa. Akawa anajibanza saa nyingi akiandika wanavyokula, wanavyotongozana na kupigana. Mwaka 1901 akatoa kitabu, Bird Watching.

Jina mmelishtukia? Kaka yake ndiye Frederick Selous, yule mwindaji aliyeuawa na jeshi la Wajerumani kule Beho Beho tarehe 4 Januari 1917 na kuzikwa huko huko. Pori zima la akiba likapewa jina lake, na ni mwaka 2019 tu sehemu yake kubwa ilipofanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Mwenye bunduki kapewa pori, mdogo wake aliyeiweka chini hana hata kichaka! Mimi naona si haki, hasa kwa kuwa mto unaopita porini humo ndio unaoishia kwenye delta iliyojaa ndege wa pwani.

Binamu zangu wa Kibiti, mkishuka delta maji yakitoka, mtazameni wa kwanza mtakayemwona. Anakimbia na kusimama, au anachomachoma? Niandikieni.