Mimba ya Kwanza, Muleba

Usiku Kamachumu ni baridi, na baridi hiyo huwanyima mbu raha. Ndiyo maana malaria ya nyanda hizi za juu za Muleba, mkoani Kagera, Tanzania, ilizoea kuja kwa mawimbi, si kukaa mwaka mzima kama kule mwambaoni. Ilipanda kutoka mabondeni baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998, ikarudi tena 2006. Wa kwanza kuumia walikuwa watoto wadogo na wajawazito.

Kwa watoto hakuna fumbo. Lakini mwanamke aliyeugua malaria tangu utotoni, hadi mwili ukaizoea, kwa nini akipata mimba ya kwanza awe kama mgeni aliyeshuka melini jana?

Jibu lilitoka ng'ambo ya ziwa. Mwaka 1996 Michal Fried na Patrick Duffy, waliochunguza makondo ya nyuma ya akina mama wa magharibi mwa Kenya, walionyesha kwamba chembe za damu zenye vimelea hunata kwenye sukari moja iliyotanda juu ya kondo, kondroitini salfeti A. Vimelea vinavyonata hapo vina mshikio wao wa pekee. Mwili wa mama haujawahi kuujua kwa sababu haujawahi kuwa na kondo. Miaka miwili baadaye ikaonekana kwamba waliokwisha kuzaa mara kadhaa wana kingamwili zinazovizuia visinate.

Na kondo, hata bila malaria, ni mahali pa maongezi mazito. Seli zake, ambazo nusu ya urithi wake ni wa baba, hupenya ukuta wa mfuko wa uzazi na kukutana na seli za ulinzi za mama, ziitwazo NK. Zikielewana, mishipa ya damu hupanuka na mtoto anakula. Zisipoelewana, hatari ya kifafa cha mimba huongezeka. Mwaka 2015 Annettee Nakimuli wa Makerere na wenzake walionyesha kwamba baadhi ya jeni zinazowakinga wanawake wa Uganda si zile zilizojulikana Ulaya.

Malaria huyaingilia maongezi haya kwa kelele. Monositi, seli nyingine za ulinzi za mama, hukimbilia kwenye kondo, seli za kondo nazo hutoa kemikali za kuita nyingine, na katika vurugu hiyo chakula cha mtoto hupungua. Mama huenda asihisi homa hata kidogo, na kipimo cha damu ya kidoleni kisione kitu. Kata kipande cha kondo baada ya kujifungua, kiweke chini ya hadubini: kuna vidoadoa vya kahawia inayokaribia weusi, mabaki ya damu iliyoliwa na vimelea.

Halafu ukaja UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na kufikia 1987 karibu robo ya watu wazima wa Bukoba mjini walikuwa na virusi. Mazishi yanakumbukwa, na vibanja vilivyobaki bila mwenyewe. Kisichosimuliwa sana ni kwamba virusi hivyo huvuruga kinga iliyojengwa na mimba zilizotangulia. Mama wa watoto watano anaweza kurudi kuwa kama wa mimba ya kwanza.

Tangu 2001 kliniki za wajawazito Tanzania zimekuwa zikitoa SP, dawa ya kuwakinga na malaria: vidonge vitatu na kikombe cha maji, muuguzi akisimama kuona vinamezwa kabla ya kuandika kwenye kadi. Muleba ilianza kupuliziwa dawa majumbani 2007, lakini mbu wakaizoea. Mwaka 2015 wilayani humo vikajaribiwa vyandarua vyenye PBO, kemikali inayovunja usugu huo. Baada ya miezi 9, watoto wenye vimelea walikuwa asilimia 29, dhidi ya 42 miongoni mwa waliotumia vyandarua vya kawaida. Shirika la Afya Duniani likavipendekeza 2017.

Ushindi huo una deni lake: malaria ikipungua, mwili wa mama nao hukosa pa kujifunzia, na wimbi likirudi humkuta mikono mitupu, hata kama ni mimba ya nne.

Katika ufalme jirani wa Buganda kondo lilihesabiwa pacha wa mtoto, likafukiwa chini ya mgomba. Siku hizi hutumbukizwa katika shimo lenye mfuniko wa zege nyuma ya wodi ya wazazi, pamoja na vidoadoa vyake ambavyo hakuna aliyevitazama.