Mlanguzi Alizaliwa na Nani?

Ukimtajia kijana wa leo neno "mlanguzi" huenda akakuuliza ni mtu gani huyo. Kwa wazazi wake lilikuwa tusi zito. Mlanguzi alikuwa mtu anayeficha sukari, sabuni, khanga au betri za redio, akangoja ziadimike, kisha akaziuza uchochoroni kwa bei ya kuruka. Wiki hii, ndugu msomaji, naomba tumtazame upya mtu huyo, maana watetezi wa soko huria wanasema hakuzaliwa na tamaa peke yake. Alizaliwa pia na sheria.

Mwaka 1973 Serikali ya Tanzania iliunda Tume ya Bei, ikapewa kazi ya kupanga bei za bidhaa nchi nzima. Nia ilikuwa njema, kwamba mwananchi wa kijijini asinyonywe na mwenye duka. Bidhaa zikawa zinapitia mashirika ya biashara ya mikoa, yaani RTC. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, ya kufunga maduka ya watu binafsi vijijini ili ya ushirika yashike nafasi. Ilisimamishwa mwaka huo huo, kwa sababu ya zamani yalifungwa kabla mapya hayajawa tayari. Hebu fikiria kijiji kisicho na pa kununua hata kiberiti!

Mchumi Friedrich Hayek aliandika mwaka 1945 kwamba bei ni njia ya watu kupashana habari. Sisi wa redio tunamwelewa upesi. Sabuni ikipanda bei Tabora, hiyo ni taarifa ya habari. Inamwambia mwenye lori apakie sabuni aende huko, inamwambia mwenye kiwanda azidishe, inamwambia mama nyumbani abane matumizi. Hakuna ofisa awezaye kuyajua yote hayo akiwa mezani kwake Dar es Salaam. Ukiifunga bei kwa amri, sabuni haiongezeki. Kinachokoma ni ile taarifa, na habari iliyozuiwa redioni husikika vichochoroni.

Haki lazima itendeke: si kila tatizo la miaka ile lilitokana na Tume ya Bei. Mafuta ya petroli yalipanda mara mbili katika miaka ya 1970, vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikala fedha za kigeni, na viwanda vikakosa malighafi na vipuri. Lakini hata hizo fedha za kigeni zilipangiwa bei. Kufikia 1985 dola moja benki ilikuwa kama shilingi 17, huku uchochoroni ikipita 100. Mwenye kahawa au pembe za ndovu aliyeuza kwa magendo alijua hesabu hiyo vizuri kuliko wapangaji. Mtumishi mwaminifu alipanga foleni tangu alfajiri, akala ugali wa unga wa njano ambao watu waliubatiza jina la Yanga, na mkewe akafua nguo kwa majani ya mpapai.

Machi 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine akaanzisha msako wa wahujumu uchumi. Ikatungwa sheria maalumu yenye mahakama yake, isiyo na dhamana wala wakili, na ikawabana watu hata kwa mambo yaliyotendwa kabla haijatungwa. Watu walitupa mali mitaroni usiku kuliko kukutwa nayo. Mwaka huo huo ikaja Nguvu Kazi, na mchuuzi asiye na kitambulisho cha kazi akahesabiwa mzururaji wa kurudishwa kijijini, ingawa ndiye aliyewauzia wafanyakazi chakula cha mchana. Sokoine alikuwa mwadilifu, na alipofariki ajalini tarehe 12 Aprili 1984 watu walilia kwa dhati. Hata hivyo msako haukujaza rafu. Wenye maduka waliogopa hata kuweka mali halali.

Miezi miwili baadaye, katika bajeti ya Juni 1984, Waziri wa Fedha Cleopa Msuya akafungua mlango: mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa, wala hataulizwa amezipata wapi. Bei nyingi zikaondolewa udhibiti. Sabuni, vitambaa na betri zikarudi madukani. Mtu aliyesakwa mwaka 1983 akawa mwagizaji mwaka 1984, kwa mtaji ule ule. Mimi naona hapo watetezi wa soko wameshinda hoja, na sijasikia jibu la kuwapindua.

Ila wanakwenda mbio mno wanapofika kwa mkulima wa Rukwa. Chini ya mpango wa zamani Serikali ilinunua mahindi kwa bei moja nchi nzima, uwe karibu na Dar es Salaam au Sumbawanga, na gharama za lori zikabebwa na Shirika la Usagishaji. Ilikuwa hasara kubwa kwa Hazina. Lakini kwa bei hiyo Rukwa, Ruvuma, Mbeya na Iringa ziligeuka ghala la taifa, na watu wakapanua mashamba. Mpango ulipokufa, bei shambani ikaanza kukatwa umbali wa barabara. Mwenye soko huria anasema hiyo nayo ni taarifa: mahindi ya Sumbawanga yasisafirishwe hadi pwani, yauzwe Zambia na Kongo, ambako ni karibu.

Ni jibu zuri, na wakulima walilifuata. Sasa tazama kilichofuata. Mwaka 2011 mahindi yalipopanda bei, Serikali ilipiga marufuku kuyauza nje. Marufuku ikaondolewa, ikarudi tena mwaka 2017, ikaondolewa tena baadaye. Bei iliposhuka mkulima aliambiwa hilo ndilo soko. Ilipopanda, lori lake lilizuiwa mpakani, na wanunuzi wa Kongo wako ng'ambo tu ya Ziwa Tanganyika, safari ya boti kutoka bandari ya Kasanga.