Nasaba za Watu Maarufu na Ukoo wa Mama Kiwangwa

Januari 1977, kwa usiku nane mfululizo, Wamarekani walikaa mbele ya televisheni kutazama Roots, masimulizi ya mwandishi Alex Haley juu ya jamaa zake tangu babu yao Kunta Kinte alipotekwa Gambia. Inakadiriwa kwamba usiku wa mwisho ulitazamwa na watu wapatao milioni 100. Tanzania Bara ilikuwa bado haina televisheni; vituo vyake vya kwanza vilianza kurusha matangazo mwaka 1994. Kule Marekani, watazamaji walilia, wakabishana, kisha wakainuka kwenda kutafuta. Nyaraka za Taifa na maktaba zilipata wageni na barua nyingi kuliko zilivyozoea, za watu wa kawaida waliotaka kujua mababu zao walikuwa nani. Kipindi cha nasaba nakipima kwa kile mtazamaji anachokwenda kukitafuta baada ya kuzima televisheni. Kwa kipimo hicho, ukanda wa Bagamoyo unakihitaji sana, lakini tukiiga njia ya wenzetu kama ilivyo, kitatuficha hasa yale tunayopaswa kuyajua.

Njia hiyo tunaijua. BBC iliianza mwaka 2004, Afrika Kusini ikatengeneza toleo lake mwaka 2009, na huko Marekani mwenye jina kubwa ni Profesa Henry Louis Gates. Mtu maarufu huketishwa, hufunguliwa daftari la kale, huonyeshwa jina la babu yake, naye machozi humtoka. Wanaodharau vipindi hivi husema watazamaji hufuata machozi hayo tu. Kisa cha mwigizaji Ben Affleck kinawakatalia. Kipindi chake katika Finding Your Roots, mfululizo wa Gates, kilirushwa mwaka 2014 bila kumtaja babu yake mmoja aliyemiliki watumwa. Aprili 2015 barua pepe zilizovuja zilionyesha kwamba mwigizaji huyo aliomba habari hiyo iachwe, na mwenyewe akakiri kuwa aliona haya. Watu walikasirika, shirika la televisheni la PBS likachunguza, likatamka kwamba kanuni zake zilivunjwa, na msimu uliofuata ukaahirishwa. Watazamaji wanaofuata machozi peke yake wasingejali. Hawa walidai ukweli, na walidai hata pale ukweli ulipokuwa ukimwaibisha mtu waliyempenda.

Tuilete sasa njia hiyo Kiwangwa, kwenye mashamba ya mananasi kandokando ya barabara ya Bagamoyo kwenda Msata. Wenyeji wa huku ni Wakwere, na Wakwere, kama Wazaramo, Wadoe, Wazigua na Waluguru, huhesabu ukoo kwa mama. Lakini kwenye fomu ya shule na kwenye kitambulisho mtu huandikwa majina matatu: lake, la baba na la babu mzaa baba. Tazama kinachotokea. Baba ni wa ukoo wa mama yake, yule babu naye ni wa ukoo wa mama yake mwingine, na mwenye kitambulisho ni wa ukoo wa tatu ambao hautajwi popote kwenye kadi ile. Mtafiti atakayefuata majina kama afanyavyo London atapanda vizazi viwili na kushuka na watu ambao, kwa hesabu ya wenyeji, si ukoo wa huyo anayemtafutia. Bibi mzaa mama, ambaye ndiye mlango wa ukoo, hatamwona kabisa.

Hapo ndipo utumwa nao unapojificha. Katika karne ya 19 Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Ujiji na Tabora, na si kila aliyefikishwa pwani alivushwa bahari. Wengi walibaki wakilima na kuzaa. Mwanamke aliyeletwa kutoka mbali hakuwa na kaka wala wajomba wa kuwadai watoto wake, basi watoto walihesabiwa upande wa baba, na jina la nyumbani kwao mama likapotea. Wanaume nao walibadilishwa majina. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utotoni na kupelekwa India, alirudi akawaongoza wavumbuzi wa Kizungu Burton, Speke na Stanley katika safari zilizowapa sifa duniani. Jina alilopewa na wazazi wake halijulikani. Ikiwa hali ni hiyo kwa mtu aliyeandikwa vitabuni namna ile, tumfikirie mwanamke aliyelima shamba la tajiri wake bila kuandikwa popote.

Wapo watakaosema mambo haya yaachwe, kwamba kumtangaza mtu kuwa ni mjukuu wa mtumwa ni kumvunjia heshima na kuamsha uhasama kati ya majirani. Hofu hiyo ina msingi, kwa sababu kashfa ya asili bado inauma pwani. Hata hivyo, Mombasa imeshaonyesha vingine. James Mbotela aliandika kitabu Uhuru wa Watumwa, kikachapishwa mwaka 1934, kikieleza waziwazi habari za watumwa waliokombolewa na kuwekwa Freretown, hukohuko Mombasa. Kutoka ukoo huohuo akaja Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji aliyesikilizwa Kenya nzima, aliyefariki Februari 2025. Asili yake ilijulikana, wala haikumzuia kusikilizwa. Aibu yenyewe inafaa ihamie kwa aliyeuza na kununua, na haitahama maadamu tunanyamaza.

Pingamizi jingine ni la ushahidi, na hili ni zito zaidi. Masimulizi ya mdomo huweza kumpa mgeni kile anachotaka kukisikia; wanahistoria walimkosoa Haley kwa kumwamini kupita kiasi msimulizi wa kijiji cha Juffure, Gambia, aliyempa habari za Kunta Kinte. Vipimo vya vinasaba (DNA) navyo havitoshi: mwaka 2005 Oprah Winfrey alitamka kwamba ni Mzulu, kisha kipimo cha kipindi kingine cha Gates kikamwelekeza kwa Wakpelle wa Liberia. Sisi lakini tuna vitu vya kulinganisha. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, wakajenga kijiji cha waliokombolewa na kuandika ubatizo wao. Serikali ya Wajerumani ilitoa hati za uhuru, na majalada yake yamo katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Simulizi ya bibi wa Kiwangwa ikikutana na daftari la misheni, kimoja kitakisahihisha kingine.

Kituo kitakachothubutu kianze na wanawake wazee, kabla ya kufungua jalada lolote, kiwaulize mama wa mama alitoka wapi na nani walikuwa kaka zake. Msanii au mwanasiasa atakayekubali kufuatwa asaini mapema kwamba hataomba babu yeyote afutwe, awe mtumwa au mwuza watumwa. Sahihi hiyo itangulie kamera, kwa sababu Affleck alipata alichoomba kwa kuwa alikuwa na jina kubwa, na wenye majina makubwa hawatuishii Tanzania.