Maneno ya Mwisho ya Shilatembo: Barua ya Lumumba na Ombi la Okito



Kila mwaka, tarehe 17 Januari, kazi zinasimama Kongo nzima kwa kumkumbuka Patrice Emery Lumumba. Redioni wanarudilia habari zake, na kama kuna matanga wiki ile, huwezi kukosa mzee mmoja wa kusema: "Lumumba alisema hivi mbele ya kufa." Mwingine anakataa: "Hapana, alisema vile." Mwaka huu ubishi huo ulituingilia hata sisi katika mkutano wa mwezi, na komite ikaombwa iandike kitu kwa gazeti letu. Tumekubali. Lakini katika kutafuta maneno ya Lumumba tulikutana na maneno ya mtu mwingine aliyeuawa pamoja naye usiku ule, na hayo njo yametugusa zaidi sisi watu wa chama hiki.

Barua ya Thysville

Tuanze na yale yanayojulikana. Lumumba alizaliwa tarehe 2 Julai 1925 kijijini Onalua, upande wa Sankuru. Alifanya kazi ya posta Stanleyville, mji tunaouita leo Kisangani, kiisha akaingia siasa. Siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, njo alikuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa Kongo. Hakukaa. Tarehe 5 Septemba Rais Kasa-Vubu alimwondoa, tarehe 14 ya mwezi uleule Kanali Mobutu akachukua mamlaka, na Lumumba akafungiwa nyumbani kwake Léopoldville, yaani Kinshasa. Usiku wa tarehe 27 Novemba alitoroka, akashika njia ya Stanleyville ambako watu wake walikuwa wengi. Askari walimfikia karibu na mto Sankuru mwanzoni mwa Desemba, wakamrudisha, wakamfunga katika kambi ya askari ya Thysville, leo Mbanza-Ngungu.

Katika kifungo kile njo aliandika barua kwa mke wake, Pauline Opango. Barua hiyo ilitolewa gazetini mwaka 1961, kifo chake kilipokwisha kujulikana, na hata leo watu wengi wanaposema "maneno ya mwisho ya Lumumba" wanasema juu yake. Aliandika kwa Kifaransa. Alianza kwa kumwambia mkewe kwamba hajui kama maneno yale yatamfikia, wala kama yatamkuta yeye mwenyewe bado anaishi. Alisema hakuna mateso yatakayomfanya aombe huruma. Alisema siku moja historia itatoa hukumu yake, na haitakuwa ile inayofundishwa Brussels, Paris au Washington, ila ile ambayo Afrika itaiandika yenyewe. Aliwataja watoto anaowaacha, ambao labda hatawaona tena, akaomba waambiwe kwamba Kongo ina siku nzuri mbele. Mwisho alimwambia mkewe asimlilie.

Tukisoma barua ile taratibu, tunaona ni ya mambo mawili kwa mara moja. Ni barua ya kiongozi kwa nchi, na ni barua ya bwana kwa bibi yake. Watu wa siasa walichukua upande wa nchi. Upande wa nyumba ulibaki kwa Pauline peke yake.

Usiku wa tarehe 17 Januari 1961

Siku ile walimtoa Thysville pamoja na wenzake wawili. Wa kwanza ni Maurice Mpolo, aliyekuwa waziri wa vijana na michezo. Wa pili ni Joseph Okito, aliyekuwa makamu wa rais wa Seneti. Okito njo alikuwa mkubwa wao kwa umri. Waliingizwa katika ndege mpaka Élisabethville, Lubumbashi ya leo, ambako Moïse Tshombe alikuwa ametangaza Katanga kuwa nchi yake peke yake. Walipigwa ndani ya ndege, wakapigwa tena walipofika. Usiku wakabebwa katika magari mpaka Shilatembo, porini, karibu kilomita 50 kutoka mjini. Viongozi wa Katanga walikuwapo, na askari na polisi Wabelgiji walikuwapo.

Mambo yaliyosemwa pale yalifichwa kwa miaka mingi. Tarehe 13 Februari 1961 serikali ya Katanga ilitangaza redioni kwamba wafungwa walitoroka na watu wa kijiji wakawaua. Ulikuwa uongo. Miili ilikuwa imefukuliwa, ikahamishwa, kiisha ikakatwa vipande na kuyeyushwa kwa asidi na Mbelgiji mmoja wa polisi, Gérard Soete, na mwenzake. Hawakutaka kaburi, kwa sababu kaburi linaita watu.

Kweli ilitoka polepole, na ilitoka katika vinywa vya wale waliokuwa upande wa bunduki. Mwaka 1999 Mbelgiji Ludo De Witte alitoa kitabu juu ya mauaji yale. Kiisha Bunge la Ubelgiji likaunda tume ya kuchunguza, na mwezi wa Februari 2002 serikali ya Ubelgiji ikaomba msamaha kwa sehemu yake katika kifo kile.

Katika ushuhuda ule, Lumumba alipofika porini alimwuliza Frans Verscheure, polisi Mbelgiji, kama wanaenda kuuawa. Mwingine akajibu neno moja: ndiyo. Basi. Hakuna hotuba pale. Yule aliyejua kusema mbele ya mfalme wa Wabelgiji, siku ya uhuru, aliuliza swali fupi ambalo kila mtu angeuliza.

Okito njo alikuwa wa kwanza kusimamishwa mbele ya mti. Katika ushuhuda uleule, yeye hakusema juu ya Kongo wala juu ya Afrika. Aliomba mke wake na watoto wake walioko Léopoldville waangaliwe. Na mmoja kati ya waliokuwa pale akamjibu kwamba hapa ni Katanga, si Léo.

Kiisha wakapiga. Baada yake Mpolo, na Lumumba wa mwisho. Ilikuwa karibu saa nne ya usiku.

Jibu lile

Tuliposoma hayo kwa sauti mbele ya komite, watu walinyamaza. Mama mmoja akasema: "Jibu lile mimi nalijua."

Sisi wote tunalijua. Wengi wetu tulivuka Ziwa Tanganyika usiku, tukaishi miaka katika kambi za Kigoma, na tuliporudi tulikuwa na watoto wasio wetu. Jirani anakufa kambini. Mbele ya kukata roho anakushika mkono na kusema: "Hawa watoto, uwafikishe kwa kaka yangu, ng'ambo." Hakuna karatasi, hakuna shahidi, ni wewe na yeye na taa ya mafuta. Unakubali, kwa sababu mtu anayekufa hakataliwi. Miaka inapita, unarudi, unatafuta yule kaka, unakuta naye hayupo tena. Unaenda kwenye ofisi moja ya kusaidia waliorudi. Wanaangalia karatasi, wanakuambia: "Hawa waliandikishwa ng'ambo, si huku." Unaenda kwenye ofisi ya pili, wanakuambia mtaa wao ni ule mwingine. Hakuna aliyekutukana. Lakini ukirudi nyumbani unakuta ni jibu lilelile la Shilatembo: hapa ni Katanga, si Léo.

Wazee wetu wanajua namna chama hiki kilianza. Hakikuanza na sheria wala na muhuri. Kilianza na mama mmoja aliyerudi na watoto watatu wa jirani yake wa kambini, akazunguka na jibu lile mpaka akachoka, akaja kukaa chini ya muembe mahali tulipokuwa tunasali. Tulikuwa watu tisa siku ile. Tulichanga unga, sabuni na pesa kidogo. Ile ya pili tulichanga kwa ajili ya jeneza. Ile ya tatu, kwa karo ya shule. Tulikuwa hatujui habari za Okito. Lakini kazi tuliyofanya ilikuwa kumjibu.

Nani anabeba maneno ya mwisho?

Katika habari hii kuna funzo moja ambalo tunataka wanachama washike. Maneno ya mwisho ya mtu hayabebwi na yeye mwenyewe. Yanabebwa na aliyekuwapo. Ukifa kati ya watu wako, yanabebwa na watu wako. Ukifa mikononi mwa adui, yanabebwa na adui, na yeye anayatoa siku anayotaka, au hayatoi kabisa. Watu wa Okito walilala na kuamka miaka mingi bila kujua kwamba mzee wao aliwataja mbele ya kufa. Neno lilikuwa lao, lakini lilikaa kwa wale waliomwua.

Lumumba aliliona hilo mapema. Hakungoja siku ya kufa. Aliandika akiwa bado na kalamu. Kwa hiyo Pauline alipata lake. Mume hakurudi, mwili hakuupata hata siku moja. Februari 1961 alitembea katika njia za Léopoldville akiwa katika maombolezo, akidai mwili wa bwana wake, na hawakumpa. Lakini barua alikuwa nayo. Aliishi mjane miaka zaidi ya 50, mpaka alipofariki Kinshasa mwezi wa Desemba 2014.

Na habari ya kurudi nyumbani, sisi tunaijua zaidi ya wengine. Soete alibaki na jino la Lumumba kama mtu anayetunza mali ya wizi. Mwaka 2016 sheria ya Ubelgiji ililichukua kwa binti yake. Mwaka 2020 Juliana Lumumba, binti wa marehemu, alimwandikia mfalme wa Wabelgiji akiomba mabaki ya baba yake yarudi katika nchi ya babu zake, na mwaka uleule mahakama ikakubali. Tarehe 20 Juni 2022 familia ililipokea Brussels. Jeneza lenye jino moja lilipelekwa Onalua, likapita Kisangani, likafika Shilatembo, na tarehe 30 Juni 2022 likazikwa Kinshasa, Limete. Miaka 61 baada ya kuuawa, mtu aliyerudi ni jino. Tuliangalia jeneza lile katika simu za watoto wetu, na wale kati yetu walioacha wazazi katika makaburi ya kambini walilia zaidi.

Kwa Okito na Mpolo, hata jino halikurudi. Kwa Okito kilichobaki ni ombi lake. Ombi halizikwi. Linatafuta mtu wa kulijibu.

Daftari la chama

Kwa sababu hiyo komite inawakumbusha wanachama juu ya daftari. Wengi wanaliogopa, wanasema kuandika habari ya kifo ni kukiita. Hapana. Kifo kinajua njia bila kuitwa. Katika daftari, kila mwanachama anaombwa aseme, na katibu anaandika mbele ya mashahidi wawili: watoto ni wangapi na wako wapi, nani aitwe wa kwanza, shamba ni lipi na mpaka wake ni nani na nani, deni liko kwa nani, na unataka uzikwe wapi. Asiyejua kuandika atatia kidole. Ukibadilisha mawazo, unarudi, tunafuta, tunaandika tena. Daftari linalala kwa mweka hazina, na nakala moja kwa mchungaji.

Kwa marafiki wanaotusaidia, tunasema asante bila kuzunguka. Pesa zenu zinaenda kwenye karo ya mayatima walioandikwa katika daftari lile. Nyuma ya kila jina kuna mtu aliyesema, kwa sauti iliyokwisha kupunguka, "Muwaangalie wanangu." Hamkumjua. Wala sisi wengine hatukumjua. Lakini mtoto akifika mlangoni hatumwulizi kwanza alitoka upande gani.

Tarehe 17 Januari ikija tena, tutazungumza juu ya Lumumba, na ni haki yake. Tunaomba tu katika kila nyumba ya mwanachama Okito atajwe pia, na watoto waelezwe alichoomba na alivyojibiwa. Kiisha baba au mama wa nyumba aulizwe: je, lako umeliandikisha?

Komite ya chama