Majini wa Kijuju na Mamba wa Rumonge

Mwalimu yeyote aliyepata kufundisha viambishi vya mahali analijua tatizo la neno "majini". Kwa upande mmoja ni wingi wa jini, kiumbe asiyeonekana, neno lililotufikia kutoka Kiarabu. Kwa upande wa pili ni maji pamoja na kiambishi -ni, yaani ndani ya maji. Tukiandika ubaoni "Wavuvi huogopa majini", nusu ya darasa itafikiri juu ya mashetani, na nusu nyingine juu ya mawimbi. Huko Rumonge, mji wa wavuvi na wakamuaji wa mawese ulio kusini mwa Bujumbura, katika mwambao wa Ziwa Tanganyika, nusu zote mbili zingekuwa na sababu.

Neno hilo sasa limesafiri mbali. Mwaka 1996 kampuni ya Capcom ya Japani ilitoa mchezo wa video wa kutisha uitwao Resident Evil, nao ukazaa mfululizo mrefu. Mchezaji hupewa risasi za kuhesabu, akatupwa mahali palipojaa hatari, na kazi yake ni kusalimika. Wapenzi wa michezo hiyo hawachoki kubishana: mhusika gani ni bora, adui gani anatisha zaidi, mandhari ipi haisahauliki. Katika toleo la tano, lililotoka mwaka 2009, mandhari ni Kijuju, eneo la kubuni barani Afrika. Mmarekani Chris Redfield anafika huko na kusaidiwa na Sheva Alomar, mwanamke wa Kiafrika. Adui zao ni wakazi waliongiliwa na kimelea hata wakapoteza utashi wao. Wanaitwa Majini, nao hupiga kelele kwa Kiswahili.

Hapana budi walimu wa lugha tutulie hapa kidogo. Katika mchezo huo Kipepeo si mdudu mzuri wa bustanini, bali ni kimelea chenye mabawa kinachoruka na kushambulia. Dubwana mmoja kama popo ameitwa Popokarimu. Karimu wa nini, tunauliza, mnyama yule ambaye hampi mtu chochote ila kifo? Inaonekana aliyetunga alichukua kamusi, akapenda mlio wa maneno, akayaunganisha. Zaidi ya hayo, Sheva anaelezwa kuwa ametoka katika tawi la Afrika Magharibi, ambako Kiswahili si lugha ya wananchi. Ni sawasawa na kuwapeleka Wareno Urusi na kuwafanya wenyeji wa huko wazungumze Kireno.

Picha za kwanza za mchezo huo zilipoonyeshwa mwaka 2007, watu wengi walilalamika kwamba zinamwonyesha mzungu akiwapiga risasi umati wa watu weusi. Lalamiko hilo lilikuwa la haki. Sisi tunaongeza la lugha. Kijana wa mbali ambaye hajapata kusikia Kiswahili anakisikia hapo kwa mara ya kwanza, nacho ni sauti ya adui anayemkimbilia na shoka. Lugha inayosifiwa kwa wingi wa maamkizi yake imefanywa ukelele wa wasio na akili.

Hata hivyo, mchezo una sehemu moja inayokaribia ukweli: kinamasi ambamo mchezaji akiingia majini hunyakuliwa na mamba. Mamba hao hawana majina. Katika mwambao wa Burundi mambo yamekuwa kinyume chake. Huko mamba mmoja alipewa jina, akawa mhusika mashuhuri kuliko watu aliowaua.

Jina lake ni Gustave, nalo alipewa na Mfaransa Patrice Faye, aliyeishi Burundi miaka mingi akichunguza wanyama. Makao yake yalikuwa mdomo wa mto Rusizi, lakini habari zake zilisikika pwani yote ya kaskazini ya ziwa na hata kushuka kuelekea Rumonge. Alikadiriwa kuwa na urefu wa meta 6 hivi, na mwilini alikuwa na makovu ya risasi. Wasimuliaji wamemhesabia wahanga kufikia 300, hesabu ambayo hakuna aliyeithibitisha. Faye alijaribu kumtega kwa tundu kubwa la chuma, akashindwa. Filamu ya jaribio hilo ilionyeshwa mwaka 2004. Mwaka 2007 ikafuata filamu ya kubuni ya Marekani, Primeval, iliyopigwa Afrika Kusini. Basi Gustave naye akapata Kijuju yake. Wanaoteka maji na kufua nguo ukingoni hawamo katika orodha ya wahusika wapendwao, ingawa wao ndio wachezao mchezo huo wa kusalimika kila siku.

Wala mamba si tishio la kwanza kupewa jina huko. Katika miaka ya 1880 alikuwako mfanyabiashara wa Ujiji, Muhammad bin Khalfan al-Barwani. Watu wa ziwani walimwita Rumaliza, yaani amalizaye, na jina hilo halihitaji sherehe. Watu wake walivamia mwambao na kuchukua watumwa, ingawa walipojaribu kupenya bara walizuiwa na majeshi ya Mwami Mwezi Gisabo. Wamisionari wa Kikatoliki nao, waliojenga kituo Rumonge mwaka 1879, waliona watatu wao wakiuawa hapo tarehe 4 Mei 1881. Kiswahili kilifika pwani hiyo katika mitumbwi ileile ya biashara, pembe na minyororo. Si ajabu basi kwamba katika vinywa vya Warundi wengi neno "Mswahili" lilikuja kuwa na maana ya mtu mjanja asiyeaminika. Kumbe Capcom haikuwa ya kwanza kukisikia Kiswahili kama sauti ya adui.

Twende mbele hadi tarehe 29 Aprili 1972. Siku hiyo uasi ulizuka katika mwambao wa Rumonge na Nyanza-Lac, raia wakauawa. Kisha serikali ikalipiza kisasi kwa mauaji ya Wahutu nchini kote, na waliokufa wanakadiriwa kuwa zaidi ya laki moja. Haya hatuyatii katika mizani moja na michezo. Twayataja kwa kuwa wengi wa watu wa mwambao waliosalimika walikimbilia Tanzania, na huko watoto wao wakakua wakisema Kiswahili. Tangu mwaka 2008 maelfu walirejea, baadhi yao Rumonge na Nyanza-Lac, wakakuta mashamba yao ya michikichi yana wenyewe wengine. Katika kudai ardhi ya baba zao, wengi wao walikuwa fasaha zaidi katika Kiswahili kuliko katika Kirundi, nao waliosikia matamshi yao waliwaita wageni.

Jioni, mitumbwi ya Rumonge huingia ziwani na taa za kuvutia dagaa, ambao wenyeji huwaita ndagala. Alfajiri akina mama huwangoja ufukweni na beseni zao, na bei hupatanwa kwa Kirundi na Kiswahili kwa pamoja. Mtu akiuliza hapo, "Mumewe yuko wapi?" atajibiwa, "Bado yuko majini," na hakuna atakayehitaji kuelezwa ni majini yapi.