Samoa Moja: Historia Iliyozimwa Njiani

Tarehe 14 Novemba 1899 Uingereza na Ujerumani zilitiliana saini mkataba mjini London, na Zanzibar imo ndani yake. Ujerumani iliahidi kuacha haki ya kuwahukumu raia wake walioko Zanzibar katika mahakama za ubalozi wake, pindi mataifa mengine nayo yatakapoiacha. Hiyo ilikuwa nyongeza tu. Mali iliyokuwa mnadani ilikuwa Samoa, visiwa vya Polinesia katikati ya Bahari ya Pasifiki. Uingereza ilijitoa Samoa. Badala yake iliachiwa Tonga na baadhi ya visiwa vya Solomon, na mpaka wa Togo na Gold Coast ukarekebishwa. Tarehe 2 Desemba, mjini Washington, Marekani nayo ikaweka saini yake. Mstari ulipigwa kwenye longitudo ya digrii 171 magharibi: Savai'i na Upolu zikawa za Ujerumani, Tutuila na Manu'a zikawa za Marekani. Hakuna Msamoa aliyetia saini mkataba wowote kati ya hiyo miwili.

Mgawanyo huu husimuliwa mara nyingi kana kwamba haukuepukika: Wasamoa waligombania ufalme, wakubwa wakaingia kuamua. Sikubaliani na masimulizi hayo. Ukiifuatilia miaka ishirini iliyotangulia, utakuta Samoa moja iliyo huru ilikaribia kupatikana zaidi ya mara moja, na kila mara ilizuiwa na mkono kutoka nje.

Samoa ya kale haikuwa na kiti kimoja cha enzi. Madaraka yalikuwa kwa matai, yaani wakuu waliochaguliwa na koo zao, na kwa mabaraza ya vijiji. Juu yao palikuwa na majina makuu manne ya heshima, na aliyetunukiwa yote manne aliitwa Tafa'ifā. Wa kwanza kuyakusanya, kwa kumbukumbu za Wasamoa, alikuwa mwanamke, Salamasina. Mwenye majina hayo akifa, yalirudi kwa wale waliokuwa na haki ya kuyatoa, na mashindano yakaanza upya. Vita vilikuwapo, tena vikali. Lakini nchi iliweza kukaa miaka mingi bila Tafa'ifā na mambo yakaenda.

Haja ya kuwa na mfalme mmoja wakati wote ililetwa na meli. Katika miaka ya 1850 kampuni ya Godeffroy ya Hamburg ilifungua kituo Apia, kisiwani Upolu, na biashara ya mbata ikaifanya kuwa kubwa kuliko zote katika eneo hilo. Mwaka 1878 Marekani ilipata haki ya kuweka kituo cha makaa ya mawe Pago Pago, bandari bora ajabu ya Tutuila. Waingereza nao walikuwapo. Kila balozi alitaka mtu mmoja wa kumwekea mkataba mbele na kumdai fidia. Kila upande ukapata mfalme wake, na bunduki zikabadilishwa kwa mashamba. Tume ilipokuja baadaye kuchunguza hati za wageni, madai yao ya ardhi yakijumlishwa yalizidi ardhi yote ya Samoa.

Fursa ya kwanza ilikuja kutoka Hawaii. Mfalme Kalākaua alikuwa na ndoto ya shirikisho la falme za Polinesia, na mwanzoni mwa 1887 mjumbe wake, John Bush, alifika Apia. Malietoa Laupepa alikubali na kutia saini Februari mwaka huo. Kalākaua akatuma hata meli ya kivita, Kaimiloa, kuonyesha bendera. Ujerumani haikuvumilia. Ilimkamata Laupepa na kumpeleka uhamishoni Kamerun, kisha Hamburg, kisha Jaluit katika visiwa vya Marshall. Kalākaua mwenyewe, Julai mwaka huohuo, alilazimishwa na walowezi kwa mtutu wa bunduki kukubali katiba iliyomnyang'anya nguvu. Ndoto ikafa pande zote mbili ndani ya miezi michache. Hata hivyo ni ukumbusho mkubwa kwamba wafalme wawili wa Polinesia waliliona tatizo lao kuwa moja na kulitafutia dawa wenyewe.

Mwaka uliofuata wapiganaji wa Mata'afa Iosefo, mgombea mwingine wa ufalme, waliwashinda wanamaji wa Kijerumani karibu na Vailele. Machi 1889 manowari saba za mataifa matatu zilikuwa zimetia nanga Apia zikitazamana kwa uadui, kimbunga kikazikuta humo. Ni Calliope ya Waingereza peke yake iliyofanikiwa kutoka bandarini kwenda bahari kuu. Mabaharia wapatao 150 walikufa, na Wasamoa, wakiwamo wafuasi wa Mata'afa, waliingia kwenye mawimbi kuwaokoa Wajerumani waliokuwa wakipigana nao. Mkutano wa Berlin mwaka huohuo ulitangaza Samoa kuwa huru, lakini ukaipa jaji mkuu mgeni.

Jaji huyo ndiye aliyeamua mengi. Laupepa, aliyekuwa amerudishwa kutoka uhamishoni na kuwa mfalme tena, alifariki Agosti 1898. Walio wengi walimtaka Mata'afa. Jaji William Chambers, Mmarekani, aliamua tarehe 31 Desemba kwamba mfalme ni Tanumafili, mwana wa Laupepa, kijana aliyekuwa bado masomoni. Vita vikazuka kesho yake, na Machi 1899 manowari za Uingereza na Marekani zikaipiga Apia mizinga. Tume ya pamoja ikaja, ikakusanya bunduki, ikafuta ufalme. Miezi michache baadaye nchi ikagawanywa.

Tujaalie basi kwamba hakuna hakimu mgeni aliyeulizwa. Mabaraza yangeketi, Mata'afa, aliyekuwa mzee, angeshika nafasi, na Tanumafili angesubiri zamu yake. Marekani ilikwisha kuwa na bandari yake bila kumiliki kisiwa. Kizuizi kingekuwa ardhi, na hapo mfano ni Tonga. George Tupou I aliunganisha visiwa vyake, na katiba yake ya 1875 ikapiga marufuku kuwauzia wageni ardhi. Tonga iliingia chini ya ulinzi wa Uingereza mwaka 1900, ila haikukatwa, na kiti chake cha enzi kipo hadi leo. Samoa moja huenda ingefuata njia hiyo: ulinzi wa taifa fulani, mashamba ya Wajerumani yakilipa kodi Apia, matai wakibaki na ardhi yao.

Isingekuwa historia ya heri tupu. Novemba 1918 meli Talune kutoka Auckland iliingiza mafua makali Apia, ambapo New Zealand ilikuwa imechukua nafasi ya Wajerumani tangu 1914. Watu wapatao 8,500 walikufa, zaidi ya mmoja kati ya kila watano. Upande wa pili wa mstari, Gavana John Poyer aliweka karantini kali, na Tutuila haikumzika hata mtu mmoja kwa ugonjwa huo. Samoa moja chini ya mtawala mzembe ingezika pande zote mbili. Anayeutamani umoja huo, kama ninavyoutamani mimi, hana budi kulipima jambo hilo.

Waliobaki magharibi waliunda vuguvugu la Mau kupinga utawala wa New Zealand. Tarehe 28 Desemba 1929 polisi wa New Zealand waliwafyatulia risasi waandamanaji Apia na kumuua Tupua Tamasese Lealofi III. Uhuru ulipatikana tarehe 1 Januari 1962, na wakuu wa nchi walikuwa wawili kwa pamoja: Tupua Tamasese Mea'ole na Malietoa Tanumafili II, mwana wa kijana yule wa 1898. Waziri mkuu alikuwa Fiame Mata'afa Faumuina Mulinu'u II. Majina matatu ya koo zilizogombania ufalme, yaliyosemekana hayawezi kukaa pamoja, yaliketi serikali moja, bila jaji kutoka ng'ambo. Tutuila na Manu'a hazikuwamo; hadi leo ziko chini ya Marekani, na wanaozaliwa huko hawapati uraia kamili wa nchi hiyo kwa kuzaliwa.