Gluteni iliyofichika katika peremende na dawa: yampasayo kujua mgonjwa wa siliaki

Siliaki ni ugonjwa ambao kinga ya mwili, ikikutana na gluteni, yaani protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai, hugeuka na kuushambulia utumbo mwembamba. Vinyweleo vinavyofyonza chakula ndani ya utumbo huo hubapa, na mgonjwa huwa anakula lakini mwili haupati kitu. Huharisha, tumbo humjaa, damu humpungukia, na akiwa mtoto hudumaa. Hakuna dawa ya kuuponya. Tiba ni kuacha gluteni maisha yote.

Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem-Karel Dicke, alikuwa akiishuku ngano tangu miaka ya 1930. Njaa ya vita ya mwaka 1944 na 1945 ilimwongezea yakini: mkate ulipoadimika wagonjwa wake walipata nafuu, na uliporudi waliugua tena. Aliyaeleza hayo katika tasnifu yake ya mwaka 1950. Leo inakadiriwa kwamba mtu mmoja katika kila mia duniani ana ugonjwa huu. Afrika nayo haikusalimika, kwani kiwango kikubwa kabisa kilichowahi kupimwa, zaidi ya watoto 5 katika kila 100, kilipatikana miongoni mwa Wasahrawi wa Sahara Magharibi.

Katika tarafa ya Bugendana, mkoani Gitega, chakula cha kila siku hakina neno: maharage, mihogo, viazi vitamu, ndizi, mahindi na mtama havina gluteni kwa asili yake. Mkate, mandazi, chapati na biskuti vinajulikana kuwa ni ngano, na mgonjwa huviepuka. Taabu huanza kwenye vitu visivyofanana na ngano hata kidogo.

Peremende ngumu za sukari na rangi kwa kawaida ni salama, na kashata za nazi au karanga vilevile, maadamu hazikunyunyiziwa unga zisigandane. Lakini peremende nyeusi za urukususu nyingi hukandwa kwa unga wa ngano. Chokoleti ya Kit Kat ina kaki ya ngano ndani yake, na Maltesers zina kimea cha shayiri. Neno kimea lataka uangalifu, kwa maana kimea cha mtama kinachotumika katika impeke hakina gluteni, ilhali kile cha Milo na Ovaltine hutokana na shayiri. Kinyume chake, maltodekstrini huwatisha wengi kwa jina lake bure, kwani si kimea. Halua hupikwa kwa wanga, basi muuzaji aulizwe ni wanga wa nini.

Bidhaa nyingi madukani mwetu zina maandishi ya Kifaransa. Maneno ya kutafutwa ni «blé», ngano, «orge», shayiri, «seigle», rai, na «malt», kimea. Kanuni za Codex, shirika la kimataifa la viwango vya chakula, zataka nafaka zenye gluteni zitajwe kwenye pakiti, na huruhusu chakula kuitwa kisicho na gluteni iwapo haizidi miligramu 20 katika kila kilo. Peremende zinazouzwa moja moja sokoni, bila pakiti yake, hazina cha kusomwa, na kwa maoni yetu mgonjwa aziache.

Kuhusu dawa, hofu imezidi hatari yenyewe. Kidonge hushikanishwa kwa wanga, na mara nyingi wanga huo ni wa mahindi au viazi. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilieleza mwaka 2017 kwamba dawa nyingi sana za kumeza hazina gluteni kabisa au zina chembe tu, na kwamba hata pale wanga wa ngano unapotumika, gluteni yake hukadiriwa kuwa chini ya nusu miligramu kwa dozi. Gramu 30 za chakula kilichoandikwa kuwa hakina gluteni zaweza kuwa na zaidi ya hapo. Hata hivyo, anayemeza vidonge kadhaa kila siku kwa miaka mingi ana haki ya kuuliza. Katika karatasi ya maelezo atafute «amidon de blé». Akikuta «amidon» peke yake, amwulize mfamasia. Asiache dawa ya kifua kikuu, ya malaria au ya virusi vya Ukimwi kwa shaka hiyo, kwani madhara ya kuiacha ni makubwa zaidi.

Uchunguzi wa afya wa mwaka 2016 na 2017 ulionyesha kwamba asilimia 56 ya watoto wa Burundi walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Walio wengi wana lishe duni au maradhi ya mara kwa mara, wala si siliaki. Lakini mtoto aliyelishwa vizuri, akatibiwa minyoo, na bado anaharisha na kukonda, hasa baada ya kuanzishiwa mkate au uji wenye ngano, inafaa daktari aambiwe hivyo waziwazi. Wazazi wasimwondolee ngano kabla ya vipimo: kipimo cha damu hutafuta silaha za mwili dhidi ya utumbo, na gluteni ikishaachwa kwa muda silaha hizo hupungua, majibu yakatoka kana kwamba hana ugonjwa.

Akithibitishwa kuugua, hata mashine ya kusagia ihesabiwe. Unga wa muhogo uliosagwa mara baada ya ngano hubeba gluteni, na mafuta yaliyokaanga mandazi yasikaange viazi vyake.